Wiki Tisa

Nasema hivi, na shavu limejaa pamba:
wimbo ule haukustahili kuwa wa kwanza.
Wiki tisa! Baridi ya themanini na nne,
Bytom imevaa masizi ya makaa,
theluji ikianguka nyeupe, ikitua kijivu,
na kila Jumamosi usiku mtangazaji
akiuchelewesha hadi mwisho, kama bwana harusi:
ngoma ya mashine, kijiko juu ya sufuria tupu,
kinanda kikilia kama mlango wa jokofu,
na yule kijana mwenye nywele za mchongoma
akilalama kwa Kiingereza tusichokijua.

Kaka yangu Ireneusz aliuabudu.
Tulikuwa na kinasa sauti kimoja, kaseti mbili,
na sheria moja ya nyumba: mtu asikohoe.
Yeye kidole juu ya kitufe chekundu,
mimi daftari mapajani,
nikiandika kuanzia wa ishirini kushuka,
majina kwa jinsi sikio lilivyoyapokea,
yote makosa,
na mpaka leo nayaamini kuliko yale sahihi.

Wangu ulikuwa wa kumi na saba.
Ulifika hapo, ukakaa wiki mbili, ukaondoka
kama mgeni aliyekosea mlango akaomba radhi.
Mwanamke mwenye sauti ya mafua, gitaa moja,
na mwishoni (hapa nisikilizeni)
mwishoni anavuta pumzi ya kuanza ubeti mwingine
na haimbi.
Pumzi ile ilizishinda wiki zao zote tisa.
Ireneusz akasema: fundi alikata utepe vibaya.
Nikamtupia kiatu cha baba.

Siku hizi watu huisifu mno miaka ile.
Nyimbo zilikuwa nyimbo, husema. Uongo mtupu.
Nusu ya ishirini bora ilikuwa takataka yenye manukato,
robo nyingine ni wimbo uleule umebadili koti.
Tulizipenda kwa kuwa madukani mlikuwa na siki na haradali tu,
na redio haikuwa na foleni.
Mwambie hivyo rafiki yangu Halszka, atanuna wiki nzima,
yeye na mabango yake aliyoyahifadhi chini ya godoro.

Ireneusz akaenda Dortmund, akaoa, akanenepa,
anauza vigae vya bafuni.
Krismasi hunipigia. Tunasemezana bei ya dawa, magoti,
nani kafa ngazi ya tatu,
na kabla ya kuagana mmoja wetu husema, "Wiki tisa,"
na mwingine hukata simu.

Basi leo, kiti cha daktari Kulesza,
taa usoni, jino la nyuma limeoza hadi mzizi,
ganzi imekamata nusu ya ulimi,
na kutoka kwenye spika juu ya kabati la glavu:
kijiko, sufuria, mlango wa jokofu.
Niliujua kabla mtu hajafungua kinywa.
Niliujua kwa mguu.
Kiitikio kilipoingia,
ule nusu ulimi uliobaki hai
ukainuka, ukafuata neno kwa neno,
pamoja na makosa yangu ya penseli, hakuna lililopotea.
Daktari akasimamisha mashine.
"Inauma?"
Mdomo wazi, mate shingoni, ningejibu nini?
Nikatikisa kichwa: ndiyo, inauma.

Wimbo mbaya. Sirudi nyuma hata hatua.
Ila wangu, wa kumi na saba, nimeutafuta miaka na miaka;
daftarini nimeuandika "Lastima Vinda,"
ambayo si lugha ya mtu yeyote duniani.
Huu mwingine haukungoja kutafutwa.
Umekaa ndani bure, halipi kodi, hafui shuka,
mpangaji ambaye sikumpa ufunguo.

Jioni nitampigia Ireneusz, ingawa ni mwezi Mei.
Sitataja jino.
Atasema haloo, haloo, nani,
nami, na ganzi haijaisha vizuri,
nitavuta pumzi,
kisha na aseme atakalo kuhusu utepe.